Kabatini, Kipindi cha Kwanza

Nyumba yetu ya Mkomani ina kuta nene za matumbawe;
ukipiga chafya ukumbini, chafya inakurudia ikiwa imekua.
Kwa hiyo nimeingia kabatini.
Mabuibui matatu kushoto, la mama bado lanukia udi,
kanzu za kaka kulia, chini viatu vya Idi ya juzi,
na mimi katikati, magoti kidevuni,
maikrofoni ya Twalib nimeivisha soksi
kwa sababu sifongo yake ililiwa na paka.

"Asalaam alaykum, wasikilizaji wapenzi."
Wasikilizaji gani?
Futa.
"Karibuni katika podikasti yetu."
Yetu na nani, Somoe? Uko peke yako na viatu.
Futa.
"Jina langu ni Somoe Lali,"
na punda wa Mzee Shebwana, aliyenyamaza tangu alfajiri,
akaliitikia jina hilo kwa kirefu, kama analidai.

Hakuna aliyenionya kuhusu sauti.
Miaka ishirini na sita nimeishi nayo nikidhani ni nzito,
sauti ya mtu wa kuachiwa funguo.
Kumbe ni hii: nyembamba, ya puani,
inapanda mwisho wa sentensi
kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.
Nikamuuliza mama, "Ndivyo ninavyosema?"
"Siku zote," akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne nikaenda Langoni kwa Bi Mwanakuna,
anayeshona kofia tangu uzi ukiuzwa kwa senti.
Nilikuwa na maswali kumi na mawili kwenye karatasi,
la kwanza refu kuliko majibu yote niliyoyapata.
Alikitazama kidude changu chenye soksi.
"Hiki chasikia?"
Chasikia, bibi.
"Basi mimi siyui kunena na kitu kisoteka wala kulia."
Akanyamaza. Akatoboa. Akanyamaza.

Nikazima.
Ndipo maneno yakaja, wallahi, mfereji uliozibuliwa:
mume aliyekwenda Maskati na kofia kichwani,
ikarudi kofia peke yake, ndani ya bahasha;
harusi ya binti iliyolipwa tundu kwa tundu;
yule tajiri aliyetaka jina lake lishonwe kwa ndani,
akamshonea, na herufi moja akaikosea makusudi.
Nikanyoosha kidole, polepole, nibonyeze.
Naye, bila kuinua uso:
"Mato ndiyo mabovu, mwanangu. Masikio mazima."
Nikakirudisha kidole mapajani.

Nilipoaga nikaomba, angalau, niirekodi sindano.
Alifikiri kwa muda wa matundu mawili.
"Sindano haina siri. Haya."

Kipindi cha kwanza basi ni dakika tisa:
salamu yangu, jaribio la kumi na nne, punda yumo;
halafu ncha ikiingia kitambaani, tup,
uzi ukiifuata, fff,
pumzi ya mwanamke mzee kila tundu la tano,
na mbali kidogo mtu akimkemea mtoto atoke juani.
Sikuweka muziki. Sikujua unawekwaje.

Nikapakia saa sita usiku. Mtandao ukaenda kwa miguu,
ukafika asilimia arobaini, umeme ukakatika.
Nikaanza upya.

Asubuhi: wasikilizaji kumi na mmoja.
Wanne ni mimi, kwa simu zote za nyumba hii.
Mmoja ni Twalib, ameandika: lini utanirudishia?
Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa na unga,
akasema tu, "Siku hizi anatumia sindano nene."

Na kuna mmoja yuko Maskati.
Dakika zote tisa. Kisha tena. Kisha,
baada ya swala ya adhuhuri ya huko, tena.
Simjui. Bi Mwanakuna sijamwambia.

Nimerudi kabatini. Viatu nimevitoa, nafasi imeongezeka.
"Asalaam alaykum," nasema,
na safari hii siendelei upesi,
nangoja kidogo,
kama mtu anavyongoja mlangoni
aitikiwe.